Kigari cha Mtoto kwa Safari ya Majini: Mwongozo wa Mzazi wa Eldoret

Kigari kinachosifiwa Kapsoya chaweza kuwa balaa Likoni. Katika mitaa ya Eldoret, hasa Langas, Huruma na kule Kapseret ambako lami huisha ghafla, wazazi hupenda kigari chenye magurudumu makubwa ya upepo. Kinapita juu ya mawe, hakikwami kwenye tope la Aprili, na mtoto aliyelala haamki. Kigari hichohicho kikifika Pwani na kupandishwa feri au meli, sifa zake zote hugeuka uzito. Hakiingii kwenye tuktuk. Hakipiti mlango wa chumba cha meli. Na anayekisukuma akifika kwenye ngazi ya mashua, hana mkono wa kumshikia mtoto.

Mwongozo huu ni wa mzazi anayefunga safari kutoka Uasin Gishu kwenda majini akiwa na mtoto wa kati ya mwaka mmoja na mitatu: anayevuka Likoni kwenda Diani, anayepanda boti ya Lamu au feri ya Zanzibar, au anayeungana na jamaa kwenye meli kubwa ya utalii. Meli hizo si habari za mbali tena. Bandari ya Mombasa ina jengo la abiria wa meli hizo kwenye Gati namba 1, na Januari 2024 meli ya Norwegian Dawn ilitia nanga hapo ikiwa na abiria zaidi ya elfu mbili. Familia nyingi za Eldoret nazo zina ndugu Marekani au Ghuba, na mwaliko wa kupanda meli Miami au Dubai huweza kuja wakati mtoto angali anajifunza kutembea.

Ushauri mkuu ni huu: tafuta kigari unachoweza kukikunja kwa mkono mmoja huku umempakata mtoto kwa mkono wa pili, halafu tia leso mbili kwenye begi. Kigari ni cha nchi kavu na sakafu pana. Penye ngazi, penye msongamano na penye maji, mtoto hubebwa na mtu.

Pima safari kabla ya kupima kigari

Kabla ya kuingia dukani, chukua kalamu uandike kila mahali ambapo kigari kitalazimika kuinuliwa. Mzazi anayekwenda Diani kwa matatu na treni atakuta mahali sita: buti ya matatu, ukaguzi wa Syokimau, ngazi na mlango wa behewa, tuktuk ya Mombasa, feri, na ngazi za alikofikia. Kigari huchaguliwa kwa kipande kigumu zaidi cha safari. Kile kirefu zaidi kisikudanganye.

Eldoret hadi Nairobi ni kama kilomita 310 kwa barabara. Kwenye matatu, nafasi ya mizigo nyuma ya kiti cha mwisho ni finyu, na makanga wengi hutoza kigari kikubwa nauli ya mzigo. Uliza bei kabla ya kulipia kiti.

Kwa ndege mambo ni mepesi kidogo. Jambojet hutumia ndege za Dash 8-400, zenye viti vipatavyo 78 na makabati madogo ya mizigo juu ya viti. Katika uwanja wa Eldoret abiria hutembea kwa miguu hadi ndegeni na kupanda ngazi fupi. Kwa kawaida kigari husukumwa hadi hapo, kikakabidhiwa kikiwa kimekunjwa, na kurudishwa baada ya kutua. Thibitisha na shirika unapokata tiketi kama huduma hiyo ipo na kama kigari kinahesabiwa kwenye uzito wa mizigo. Kifunge kwa kamba au ukitie kwenye mfuko, maana kigari kinachofunguka chenyewe mikononi mwa wapakiaji ndicho huvunjika.

Treni ya Madaraka Express, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017, ina hatua moja inayowashangaza wageni. Syokimau, kabla ya kuingia kituoni, mizigo hupangwa chini kwa mstari, abiria hurudi nyuma, na mbwa wa polisi hupita akinusa begi moja baada ya jingine. Kisha mizigo hupita kwenye mashine. Kigari ni mzigo pia, kwa hiyo mtoto lazima atoke. Mtoto wa miaka miwili aliyeamshwa alfajiri, akawekwa chini karibu na mbwa, huenda akakimbia au akalia. Mfunge mgongoni kwa leso kabla ya kufika kwenye mstari, na kigari kiwe kimekunjwa tayari. Ndani ya behewa, kifae kulazwa kwenye rafu ya juu ya viti au kusimamishwa penye nafasi ya mizigo. Kwenye njia ya katikati kisikae, maana watu hupita humo safari nzima.

Mombasa, tuktuk ndiyo mizani ya kweli. Kigari kilichokunjwa kisipoingia miguuni pako au nyuma ya kiti, utalipia gari kila unapotoka.

Halafu Likoni. Waendao kwa miguu hawalipi, na ndio maana umati ni mkubwa asubuhi na jioni. Feri hushusha ulimi wa chuma juu ya zege, na pale viwili hivyo vinapokutana hubaki kidato. Maji yakikupwa, mteremko huwa mkali zaidi. Gurudumu dogo la mbele likigota kwenye kidato hicho, kigari husimama papo hapo, na nyuma yako kuna mamia ya watu wenye haraka, wengine wakisukuma mikokoteni. Usijaribu kukipitisha kikiwa wazi. Kikunje ungali kwenye sehemu ya kusubiri, kabla lango halijafunguliwa. Mwenye gari la kibinafsi anaweza kuepuka feri kabisa kwa kupita barabara ya Dongo Kundu.

VIPIMO VYA KUANDIKA KWENYE SIMU

- Uzito: kilo 7 au chini yake. Zaidi ya hapo, kukibeba pamoja na mtoto wa kilo 12 ni kujiumiza mgongo.
- Upana kikiwa wazi: usizidi sentimita 50. Milango ya vyumba vya kawaida kwenye meli za utalii huwa na upana wa takriban sentimita 56 hadi 60.
- Kikikunjwa: kiingie chini ya kitanda au nyuma ya mlango. Babyzen Yoyo, mojawapo ya vigari vinavyojulikana sana kwa safari, hukunjwa hadi sentimita 52 kwa 44 kwa 18 na kina kilo 6.2. Si lazima ununue hicho. Tumia vipimo vyake kulinganisha.
- Mkanda: wa sehemu tano, yaani mabega mawili, kiuno pande mbili, na katikati ya miguu.
- Breki: ifunge magurudumu yote mawili ya nyuma kwa kukanyaga mara moja.
- Kiti: kiegemee nyuma kiasi cha mtoto kulala bila kichwa kuning'inia.

Kigari gani basi?

Kipo kigari chepesi kinachokunjika kama mwavuli. Aliyekibuni ni Owen Maclaren, mhandisi Mwingereza ambaye awali alifanya kazi kwenye miguu ya kutulia ya ndege ya kivita ya Spitfire. Alimwona binti yake akitaabika na kigari kizito safarini, na mwaka 1965 akabuni fremu ya alumini yenye uzito wa chini ya kilo 3. Aina hii ni ya bei nafuu kuliko nyingine, na kwa safari fupi ya Mombasa inatosha. Kasoro yake ni kwamba kikikunjwa hubaki kirefu, na vingi vya bei ya chini haviegemei nyuma.

Kipo pia kile kinachokunjika mara mbili kikawa mfano wa begi dogo. Hiki ndicho bora kwa meli. Ni ghali, lakini anayesafiri kwa ndege, treni na meli katika safari moja atakifurahia kila siku.

Cha magurudumu matatu cha kukimbilia ni kizuri kwa barabara za murram za Iten na Kaptagat, na katika nchi ya wakimbiaji kina heshima yake. Kiache nyumbani. Hata kikikunjwa hujaza buti ya gari dogo.

Jaribu hivi kabla ya kulipa

1. Nenda na mtoto mwenyewe, na begi la daipa likiwa limejaa. Kigari kitupu hakikuambii kitu.
2. Mfunge mkanda wote. Kidole kimoja au viwili vipite kati ya mkanda na kifua chake, si mkono mzima.
3. Mtoe, mpakate, kisha kunja kigari kwa mkono uliobaki. Ukilazimika kumweka mtoto chini, rudisha kigari hicho.
4. Kiinue kikiwa kimekunjwa, na mtoto ukiwa umempakata, upande ngazi za ghorofa moja.
5. Omba kukitoa nje. Vigae vya duka hufanya kila gurudumu lionekane jema. Kisukume kwa mkono mmoja kwenye kando ya barabara ya Uganda, penye nyufa na changarawe, uone kama kinakwenda upande.
6. Tafuta mteremko mdogo, kanyaga breki, kisha kisukume taratibu bila kuondoa mkono. Kikisogea, hakifai.
7. Pima kwa futikamba upana wa nje wa magurudumu ya nyuma. Sanduku lililoandikwa vipimo huweza kuwa la kigari kingine.

Ukinunua mitumba

Vigari vingi vizuri vinavyouzwa Eldoret vilitumika kwanza Ulaya au Marekani, na hakuna ubaya. Mtoto hukitumia kigari cha safari kwa muda mfupi, na fremu nzuri huishi miaka mingi. Tatizo ni kwamba bidhaa iliyoondolewa sokoni huko haiji na tangazo lake. Novemba 2009, Maclaren ilitangaza Marekani urekebishaji wa vigari vipatavyo milioni moja baada ya taarifa 12 za watoto waliokatwa ncha za vidole kwenye bawaba. Suluhisho lilikuwa vifuniko vya kitambaa vya kufunika bawaba hizo, na kigari cha umri huo kikifika sokoni bila vifuniko hivyo hakuna atakayekueleza.

Kwa hiyo geuza kigari chini juu. Tafuta lebo yenye jina la modeli na tarehe ya kutengenezwa, kisha utafute jina hilo kwenye simu pamoja na maneno ya tahadhari ya mtengenezaji. Fungua na ukunje mara kadhaa ukitazama mahali ambapo kidole cha mtoto kinaweza kubanwa. Vuta kila mshono wa mkanda kwa nguvu. Bonyeza kifungo cha mkanda: kikishuka kwa uzito wa kidole kimoja tu, mtoto atajifungua mwenyewe, na kikigoma kabisa hutaweza kumtoa upesi. Gurudumu lililochakaa fundi atabadilisha. Fremu yenye ufa, au kufuli la kukunjia lisiloshika, achana nayo hata ukipewa bure.

Na mtoto asikaribie kigari kinapofunguliwa au kukunjwa. Wazazi wengi hulisahau hili, kwa sababu mtoto huja kusaidia.

Penye maji, kigari hukunjwa

Hapa ndipo pa kusoma polepole. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilizama hapo Mombasa na watu 272 wakafariki. Tarehe 29 Septemba 2019 gari liliteleza kutoka kwenye feri ya MV Harambee katikati ya kivuko cha Likoni, na mama na mtoto wake wakapoteza maisha. Chombo cha majini huinama, na kitu chenye magurudumu hufuata mwinamo. Mtoto aliyefungwa mkanda wa sehemu tano ndani ya kigari amefungwa kwenye chuma. Jambo likitokea, utahitaji sekunde ambazo huna.

Kwenye feri kubwa fanya hivi:

1. Kunja kigari kabla ya kuingia. Kishike au kilaze kando ya ukuta.
2. Mtoto mbebe, au mfunge kwa leso mgongoni au kifuani, hadi upate mahali pa kusimama mbali na ukingo na mbali na magari.
3. Tazama jaketi za kuokolea zilipo kabla feri haijaondoka.
4. Usifungue kigari hadi miguu yako iwe kwenye zege ng'ambo na umati umepungua.

Kwenye boti ndogo, kama zile za kutoka Mokowe au uwanja wa ndege wa Manda kwenda Lamu, au mashua za Ziwa Victoria kule Mbita, kanuni hubadilika, na wazazi hukosea kwa nia njema. Mtoto asifungwe mgongoni boti inapokwenda. Jaketi ya kuokolea imeundwa kumgeuza mtu alale chali majini ili uso uwe juu. Mtoto aliye mgongoni atakuwa upande wa chini. Mfungue leso, mketishe mapajani, naye avae jaketi yake mwenyewe ya kipimo cha mtoto, yenye kola nyuma ya kichwa na mkanda unaopita katikati ya miguu. Ijaribu kwa kuishika mabegani na kumwinua kidogo: ikipanda hadi kwenye masikio, ni kubwa mno. Boti nyingi zina jaketi za watu wazima tu, kwa hiyo piga simu uulize mapema, au ununue ya mtoto uende nayo. Nahodha akikuambia safari ni fupi na jaketi haihitajiki, shuka.

Lamu yenyewe haihitaji kigari. Mji wa Kale, ulioingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2001, una vichochoro vyembamba, ngazi, mifereji na punda wenye mizigo. Hata Usita wa Mui, njia kuu ya mji, huwa finyu punda wawili wakipishana. Leso inatosha. Mji Mkongwe wa Zanzibar nao ni vivyo hivyo, ila ukumbi wa feri na ufuo wa Forodhani vinapitika.

Blanketi la Eldoret libaki Eldoret

Eldoret iko mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari, na barabara ya Nairobi hupanda Timboroa hadi zaidi ya mita 2,700. Mzazi wa huku hufunika kigari kwa blanketi bila kufikiri, na huku ni sawa. Mombasa, kitambaa kilichofunika kigari chote huzuia hewa, na joto ndani hupanda kwa dakika chache kupita la nje. Hata leso nyepesi ikifunika pande zote ina hatari hiyo. Tumia kivuli cha kigari chenyewe, acha mbele wazi, na ugeuze kigari upande wa upepo. Gusa shingo ya mtoto mara kwa mara: ikiwa ya moto na yenye jasho, mtoe.

Kinachofaa kufunika ni neti ya mbu. Nyanda za juu hazina malaria nyingi, Pwani inayo, na mtoto wa Eldoret hana mazoea nayo. Zungumza na daktari kabla ya safari, na ununue neti yenye mpira inayokaza kigarini kwa saa za jioni.

Mchanga wa Diani ni laini mno kwa magurudumu madogo. Maji yakikupwa, karibu na ukingo wa bahari mchanga huwa mgumu na kigari hupita kikivutwa kinyumenyume.

Kwa anayepanda meli kubwa ya utalii

Kampuni nyingi hazipokei mtoto aliye chini ya miezi 6, na kwa safari za kuvuka bahari kuu umri huwa miezi 12. Uliza hayo kwanza, halafu uliza haya:

- Mlango wa chumba chetu una upana gani, na je, kitanda cha mtoto kipo?
- Bandari zipi abiria hushushwa kwa boti ndogo? Huko kigari hukunjwa, na kizito huweza kukataliwa.
- Mtoto wa daipa anaruhusiwa wapi kucheza majini? Kwenye mabwawa mengi ya meli haruhusiwi, hata akiwa na daipa ya kuogelea.
- Jaketi ya mtoto hutolewa wapi?

Kigari hakiachwi kwenye ushoroba nje ya chumba, hata usiku mmoja. Ushoroba huo ndiyo njia ya watu wakati wa moto. Kengele ya dharura ikilia, lifti hazitumiki: mbebe mtoto, chukua jaketi, acha kigari chumbani. Fanyeni hivyo hata siku ya mazoezi, ili mtoto azoee kelele akiwa mikononi mwako.

Sitahani, kanyaga breki kila unaposimama, hata kwa nusu dakika, na ugeuze kigari kiwe mkabala na ukuta. Usitundike begi kwenye mpini. Mtoto akishuka ghafla, kigari huanguka chali, na pengine mwenzake ndiye amesimama nyuma.

ORODHA YA KUFUNGA

☐ Kigari, mfuko wake na kamba ya kukifunga
☐ Leso mbili: moja ya kubebea, moja ya akiba
☐ Jaketi ya kuokolea ya mtoto, kama kuna boti ndogo
☐ Neti ya kigari
☐ Utepe wenye jina na namba ya simu, ufungwe kwenye fremu
☐ Picha ya kigari kwenye simu, endapo kitapotea kwenye mizigo
☐ Kitambaa na chupa ndogo ya mafuta ya mashine

Mafuta hayo ni ya baada ya safari. Chumvi ya bahari hula riveti na springi kimyakimya. Siku utakayorudi, kabla kigari hakijaingia stoo, kioshe kwa maji baridi ya mfereji, zungusha kila gurudumu hadi mchanga utoke, kianike kikiwa wazi mahali penye upepo, kisha tia tone la mafuta kwenye kila kiungo. Mkanda ufue kwa sabuni ya kawaida bila kuuchemsha, na usikunje kigari kingali na unyevu.